Shangazi, bangi ndiyo inayonituliza kutapika, na kliniki hawajui

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne nikaifuta, kwa hiyo nikiandika ovyo unisamehe.

Nina miaka 28, huu ni mwaka wa pili wa ndoa yangu, na nina mimba ya wiki 14. Ndiyo ya kwanza. Tuliitafuta, haikuja kwa bahati mbaya. Na navuta bangi.

Si ile ya kushinda kijiweni. Nilianza nikiwa chuoni, miaka minane iliyopita, msokoto mmoja usiku nikimaliza shughuli zangu ili nipate usingizi. Mume wangu naye anavuta. Kusema kweli ndivyo tulivyozoeana. Huwa tunasokota pamoja na tumbaku ya sigara kidogo ili iwake vizuri. Nilipoona mistari miwili kwenye kipimo nikasema leo ndiyo mwisho. Nikakaa siku tisa. Siku ya kumi kutapika kukaanza.

Watu wanasema kichefuchefu cha asubuhi. Changu hakijui asubuhi wala jioni. Nikinusa sabuni natapika, friji ikifunguliwa natapika, nikipiga mswaki natapika. Nilitapika mpaka yakawa yanatoka yale maji ya kijani machungu. Mume wangu akaniambia, jaribu pafu mbili tu. Nikavuta mbili. Haikufika robo saa tumbo likatulia, nikala sahani nzima kwa mara ya kwanza baada ya wiki. Tangu siku hiyo navuta asubuhi, mchana na usiku, kidogo kidogo. Zamani ulikuwa msokoto mmoja kwa siku. Sasa ni mitatu, na kutapika kumerudi vilevile. Kitu kingine kinachonipa nafuu ni maji ya moto. Nasimama chini ya bomba mpaka ngozi inaiva, halafu nikitoka tu, tumbo linaanza tena. Jana nimeoga mara tano.

Navutia bafuni. Nimegeuza ndoo, napanda juu yake ili nifikie kidirisha, na chini ya mlango nimeziba kwa taulo bichi. Juzi nikiwa juu ya ndoo mguu ukateleza, nikadaka bomba. Nilikaa sakafuni nikicheka, halafu nikalia. Mwanamke mzima, mjamzito, juu ya ndoo kama mwanafunzi wa bweni.

Kliniki nimekwenda mara mbili. Nesi ananiuliza, "Sigara? Pombe? Kitu kingine chochote?" Nasema hapana, hapana, hapana. Anaweka alama, anafungua ukurasa mwingine. Naogopa nikisema ukweli atanitangaza kwa foleni nzima, au mwishowe waje waninyang'anye mtoto.

Rafiki yangu wa karibu anasema najitia presha bure. Yeye alivuta mimba nzima na mwanawe ana miaka sita, ana afya, anaongoza darasani. Akanitumia na habari za utafiti wa Jamaika kwamba watoto wa wavutaji walikuwa wachangamfu kuliko wenzao. Mwingine ananishauri niachane na moshi nitumie ya matone, au ile ya kwenye biskuti, eti kinachodhuru ni moshi tu. Mume wangu yeye anasema huu ni mmea, una afadhali kuliko vidonge vyenye kemikali.

Niambie, Shangazi. Nimeshamharibu mwanangu kwa hizi wiki 14? Kama nimeshamharibu, kuacha sasa kuna faida gani? Nikishindwa kuacha, nitaruhusiwa kunyonyesha? Usinifokee tafadhali. Najifokea mwenyewe kutwa.

Wa kwenye ndoo

---

Marahaba, mwanangu wa kwenye ndoo.

Kwanza shuka. Sikutanii. Katika yote uliyoniandikia, hakuna lililonishtua kama huo mguu ulioteleza. Hata ukishindwa mengine yote nitakayokuambia hapa, ndoo iishe leo.

Sikufokei. Kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kujibu barua nilifanya kazi ya ukunga miaka mingi, na wajawazito waliofokewa nawajua. Hawaachi wanachokifanya. Wanaacha kuja kliniki.

Sasa, wewe umeuliza habari za wiki 14, mimi nataka kuanza na maji ya moto. Umeyaandika kwa kupita, kana kwamba hayahusiki, kumbe kwangu ndipo barua yako iliponifanya nirudi kuisoma upya. Mwaka 2004 madaktari wa Australia waliandika kuhusu wagonjwa waliokuwa wamevuta bangi kwa miaka, kisha wakaanza kutapika kwa vipindi vilivyojirudia, wasijue sababu. Wengi wao walikuwa na tabia moja ya ajabu: walikuwa wakioga maji ya moto kila mara, kwa sababu ndiyo pekee yaliyowatuliza. Walioacha bangi, kutapika kukakoma. Walioirudia, kukarudi. Tangu hapo ugonjwa huo umeonekana sehemu nyingi duniani, na siku hizi daktari wa wagonjwa wa dharura akimpata kijana anayetapika bila sababu, swali la maji ya moto ni miongoni mwa maswali anayouliza.

Kinachowachanganya watu ni kwamba bangi kweli hutuliza kichefuchefu. Hilo si uzushi wa mumeo. Zipo hata dawa za hospitali zilizotengenezwa kutokana na kiini chake kinacholevya, THC, wanazopewa wagonjwa wa saratani wanaotapishwa na matibabu. Lakini kwa baadhi ya watu waliovuta kwa miaka mingi mambo hugeuka. Tumbo linachafuka, mtu anavuta apate nafuu, nafuu inakuja kwa saa moja, halafu linachafuka zaidi, anavuta tena. Anachochea kuni huku akidhani anazima moto.

Siwezi kukupima kwa barua. Huenda ni mimba tu. Wapo wanawake wanaotapishwa na mimba mpaka wanalazwa na kutundikiwa dripu, na bangi hawajawahi kuinusa. Huenda ni vyote viwili kwa pamoja. Ila angalia hesabu yako mwenyewe: ulikuwa msokoto mmoja, sasa mitatu, na kutapika kuko palepale. Dawa haifanyi hivyo. Na huyo nesi uliyemjibu hapana tatu hana namna ya kulifikiria hili. Atakutibu kama mjamzito anayetapika, dawa isipofanya kazi atakuongezea nyingine, na chanzo kitabaki kimekaa juu ya ndoo bafuni.

Kwa sasa punguza hayo maji. Yawe ya uvuguvugu. Maji ya moto sana yakipandisha joto la mwili si mazuri kwa mimba, na mtu asiyekula akisimama kwenye mvuke kwa muda mrefu anazimia.

Wiki 14, basi.

Nitakwambia kilichopo bila kukupaka mafuta. Ukivuta, THC inapita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Inapenda mafuta, kwa hiyo haitoki mwilini upesi kama pombe. Kwa mtu aliyevuta kila siku inaweza kuonekana kwenye mkojo hata wiki kadhaa baada ya kuacha. Mwili wa binadamu una kemikali zake wenyewe zinazofanana nayo, na ubongo wa mtoto unapojengwa, kemikali hizo ni sehemu ya maelekezo: seli hii ikae hapa, hii iungane na ile. THC inafungua kufuli zilezile bila kuwa na maelekezo yale. Ndiyo maana watafiti wanaihofia, hata pale mtoto anapozaliwa akionekana mzima kabisa.

Na wengi huzaliwa wakionekana wazima. Hilo nalo nataka ulisikie. Hakuna sura ya "mtoto wa bangi" ambayo mkunga akiiona anaijua, kama ilivyo kwa baadhi ya watoto walioathiriwa sana na pombe tumboni. Kinachojulikana kwa uhakika zaidi ni uzito. Mwaka 2017 Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani zilipitia tafiti zilizokuwepo, zikaona ushahidi wa kutosha kwamba watoto wa akina mama wanaovuta bangi huzaliwa na uzito mdogo zaidi. Kingine ni kuzaliwa kabla ya wakati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu mimba zaidi ya 660,000 katika jimbo la Ontario, Kanada, uliwalinganisha wanawake waliosema wanatumia bangi na wengine wanaofanana nao kwa umri, sigara, hali ya maisha na mengineyo. Katika kila wanawake 100 wasiotumia, kama 7 walijifungua mapema. Kwa wanaotumia walikuwa kama 10.

Kumi kwa saba. Ukisoma harakaharaka utasema ni tofauti ndogo, na mtu akitaka kukufariji atakwambia 90 walifika salama. Kweli walifika, na rafiki yako yumo humo. Sisemi mtoto wake si mwerevu. Nasema mtoto mmoja anayeongoza darasani hatuambii lolote kuhusu wale watatu wa ziada. Mimi hao nimewashika. Mtoto njiti wa gramu 1,400 mguu wake ni mfupi kuliko kidole chako cha kati, na ngozi ni nyepesi mpaka unaona mishipa ya damu ikipita. Mama yake anaingiza mkono kwenye kile kitundu cha chombo cha joto, anaweka kidole kimoja juu ya kifua, na hathubutu kuweka cha pili. Wengi wa mama hao hawakuwahi kuvuta chochote, usinielewe vibaya. Lakini ukishakiona kifua kile, hutamani kuongeza hata chembe moja ya sababu.

Tena kuna watoto waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Kule Ottawa, Kanada, watafiti walianza kuwafuatilia mwaka 1978, tangu mama zao wakiwa wajawazito. Udogoni tofauti zilikuwa chache. Walipofika umri wa kwenda shule ndipo baadhi ya waliopata bangi nyingi tumboni wakaonekana kuwa na taabu ya kutulia, kujizuia na kupanga mambo. Akili kwa jumla haikuwa imepungua. Kwa hiyo ukiniuliza kama umeshamharibu, jibu langu ni kwamba hakuna ninachokijua kinachonifanya niseme ndiyo, na hakuna mtu mkweli atakayekuapia kuwa hapana. Kipimo cha picha utakachofanya kati ya wiki ya 18 na ya 22 kitakuonyesha viungo vyake na ukuaji wake. Usikikose.

Lakini swali lako la pili ndilo lenye jibu zuri, na wewe umeliuliza kama mtu aliyekwisha kukata tamaa. Kuna utafiti wa mwaka 2016 uliowahusu wanawake 5,588 wenye mimba ya kwanza, kama wewe, katika nchi nne, Australia na Nyuzilandi zikiwemo. Hatari ya uchungu kuanza kabla ya wakati ilijitokeza kwa wale waliokuwa bado wanavuta kufikia wiki ya 20. Wewe uko ya 14. Una wiki sita mkononi kabla ya mstari huo, na mtoto wako ana wiki 26 za kuongeza uzito, maana uzito mwingi wa mtoto hujengwa miezi mitatu ya mwisho. Kilichopita hukiwezi. Hizi 26 ni zako.

Nije kwa washauri wako. Utafiti wa Jamaika upo kweli, ulichapishwa mwaka 1994, na kila mvutaji mwenye simu anaujua. Ambacho hawaambiani ni kwamba ulikuwa wa watoto 24 waliopata bangi tumboni na 20 ambao hawakupata. Siku ya tatu baada ya kuzaliwa hawakuonekana kutofautiana. Mwezi mmoja baadaye wale wa bangi walifanya vizuri zaidi, na watafiti wenyewe wakaandika kwamba sababu ilikuwa hali ya maisha ya akina mama hao, siyo bangi. Walikuwa na uwezo zaidi na nafasi zaidi ya kumlea mtoto. Mtoto aliyebebwa na kusemeshwa sana anachangamka. Rafiki yako amesoma kichwa cha habari tu.

Huyo wa biskuti na matone ana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayodanganya vizuri. Moshi una ubaya wake: una kaboni monoksidi, ambayo inakaa kwenye damu mahali palipopaswa kukaa oksijeni. Ukiacha moshi, hilo umeliondoa. THC iko palepale, na ikiliwa inachelewa kupanda kichwani, mtu anadhani haijafanya kazi anaongeza, kisha inampata kwa pamoja na inakaa muda mrefu zaidi. Wauzaji usiwaulize kabisa. Mwaka 2018 ilichapishwa habari ya watafiti waliopiga simu kwenye maduka 400 yanayouza bangi kihalali katika jimbo la Colorado, Marekani, wakijifanya mjamzito wa wiki 8 mwenye kichefuchefu. Maduka 69 kati ya kila 100 yakamwambia atumie. Muuza duka! Kwa simu!

Na mumeo mwambie tumbaku nayo ni mmea. Afyuni ni ua. Upande wa pili, hivyo vidonge anavyoviogopa, vya kwanza kabisa anavyopewa mjamzito anayetapika ni vitamini B6, na mara nyingi huunganishwa na doksilamini, dawa ya jamii ya zile za mzio ambayo imetumiwa na wajawazito wengi kwa miongo mingi na kuchunguzwa sana. Ikishindikana kuna nyingine juu yake, na dripu kwa aliyekaukiwa maji. Kula kidogo kila baada ya saa mbili, na kitu kikavu kabla hujainuka kitandani, kunasaidia wengine. Kwa kutapika kama kwako sitarajii kutoshe peke yake. Unahitaji dawa, mwanangu, na umejinyima kwa sababu ya siri.

Kama hata maji hayakai tumboni kutwa nzima, mkojo umekuwa mweusi au huupati kabisa, ukisimama dunia inazunguka, au umeona damu kwenye matapishi, usingoje siku ya kliniki. Nenda hospitali leo hiihii.

Kuhusu kumwambia nesi. Hofu yako si ya kipuuzi. Wapo wahudumu wanaopayuka, na nimefanya kazi nao; niliwahi kumsikia mmoja akisoma kadi ya mgonjwa kwa sauti ambayo hata mlinzi getini aliisikia. Na sheria hazifanani: kuna mahali mhudumu anatunza siri yako, na kuna mahali analazimika kutoa taarifa. Kwa hiyo usianze kwa kukiri. Anza kwa kuuliza. Omba kuonana naye faragha, mlango ukifungwa sema: "Kuna jambo la afya yangu nataka kukueleza. Nikikwambia, litaandikwa wapi na nani ataliona?" Sikiliza jibu. Ukiridhika, sema kama ulivyoniambia mimi: miaka minane, sasa mara tatu kwa siku, natapika, maji ya moto ndiyo yanayonituliza, nataka kuacha. Maneno hayo mawili ya mwisho yanabadilisha uso wa mhudumu kuliko unavyodhani. Usiporidhika, tafuta mwingine. Mkunga mtu mzima, daktari wa nje, yeyote aliye tayari kusikiliza. Una haki pia ya kuuliza mkojo wako unapimwa nini kabla hujautoa.

Kuacha kwenyewe. Wewe si mgeni, ulishakaa siku tisa, na nadhani zile siku za mwanzo unazikumbuka: hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu, ndoto za ajabu, hamu ya chakula kupotea. Kwa mtu wa kila siku hali hiyo huanza ndani ya siku moja au mbili, hukaza wiki ya kwanza, na kwa wengi hulegea kufikia ya pili. Inaudhi, lakini haiui kama inavyoweza kumuua mlevi wa miaka mingi anayeikata pombe ghafla. Lakini hukuwa unavuta bangi tu. Ulikuwa unavuta na tumbaku, miaka yote minane, na sehemu ya kile kinachokuita saa mbili baada ya msokoto huenda ni nikotini. Watu wengi hawalijui hili. Wanaacha bangi, mwili unadai tumbaku, wanadhani ni bangi inawaita, wanarudi. Mwambie mkunga kuhusu vyote viwili, maana msaada wa kuacha sigara kwa mjamzito upo na ni tofauti.

Usiku ndio utakaokusumbua, kwa kuwa miaka minane umelala kwa msokoto. Usiuzibe kwa pombe wala kwa vidonge vya usingizi vya jirani. Wiki mbili utalala vibaya. Lala vibaya. Toa vitu ndani ya nyumba, vyote, na karatasi zake, na ile ndoo irudi kufua nguo. Ukiteleza siku moja ukavuta, siku moja imepotea, hazijapotea wiki zote. Anza kesho yake, na kliniki usikose kwa aibu ya siku hiyo.

Mumeo sijui nimfanyeje. Yeye ndiye aliyekupa zile pafu mbili, kwa huruma, sina shaka. Lakini mwenye kujaribu kuacha akiwa na mvutaji sebuleni anaachishwa na kuanzishwa kila jioni. Mwombe aache nawe. Kama hawezi, isiingie ndani ya nyumba, isiwe mbele yako, na asiweke akiba mahali unapopajua. Mtoto akizaliwa hapo sina mjadala: chumba chenye moshi wa tumbaku, nayo imo kwenye misokoto yenu, kinamwongezea mtoto mchanga hatari ya kifo cha ghafla akiwa usingizini, na mtu aliyelewa, kwa bangi au kwa kingine, halali kitanda kimoja na mtoto. Msomee aya hii. Nyingine unaweza kuziruka.

Kunyonyesha umeuliza kama mtu aliyepanga kushindwa, nami nitakujibu tu ili ujue. THC inaingia kwenye maziwa, kwa kuwa maziwa yana mafuta. Utafiti mmoja wa mwaka 2018 uliikuta hata siku sita baada ya mama kutumia. Mwingine, wa mwaka 2021, uliikuta hata wiki ya sita baada ya kujifungua, kwa wanawake waliovuta wakiwa wajawazito kisha wakaacha. Kwa hiyo ile hila ya kukamua maziwa ya asubuhi na kuyamwaga haisaidii hapa. Madaktari wanashauri mama anayenyonyesha asitumie kabisa. Ukiacha sasa, kufikia siku ya kujifungua utakuwa huna cha kumwaga.

Hesabu ya tarehe nimeifanya. Barua hii ikikufikia utakuwa wiki ya 15 au unaikaribia. Nenda kabla ya siku yako ya kawaida ya kliniki, usiingoje. Kisha niandikie. Nataka kujua alisema nini ulipomtajia maji ya moto.

Shangazi